Usipoziba Ufa: Kanisa la Kijijini na Hifadhi ya Urithi katika Milima ya Taita

1. Utangulizi

Katika kijiji kimoja cha milima ya Dawida, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa matatu kutoka mjini Voi, lipo kanisa dogo la mawe ambamo mwandishi wa makala haya alibatizwa. Kuta zake ni nene, madirisha yake ni madogo, na juu ya kila dirisha pana tao la nusu duara. Paa ni la mabati yaliyokwisha kushika kutu. Chini ya dirisha la upande wa mashariki umeanza ufa ambao kila msimu wa masika huongezeka kidogo.

Mwaka juzi waumini waliitwa mkutanoni kujadili pendekezo la kulibomoa kanisa hilo na kujenga jingine kubwa la matofali ya saruji. Hoja za waliotaka libomolewe hazikuwa za kupuuzwa. Waumini wameongezeka, na siku za sikukuu akina mama na watoto hukaa nje mvua ikinyesha. Kijana mmoja alisimama akasema, "Wazee wetu, kanisa ni watu, si mawe." Akapigiwa makofi. Ndipo bibi mmoja akainuka kwa taabu akajibu, "Mjukuu wangu, mawe hayo tuliyabeba kichwani kutoka mtoni tukiwa wasichana. Kama ni kuyavunja, ngojeni kwanza nife." Hapana aliyepiga makofi. Mkutano ukaahirishwa, na hadi leo uamuzi haujatolewa.

Makala haya yamechochewa na mabishano hayo. Yanajaribu kujibu maswali matatu: Je, jengo la ibada la kijijini huwaje urithi? Je, kanisa la kijijini katika Taita linahifadhi nini ambacho hakipatikani kwingineko? Na je, mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye si mhandisi wala si mwanaakiolojia, ana wajibu gani katika jambo hili? Hoja yetu kuu ni kwamba urithi hauachwi na wafu peake yao. Huundwa pia na warithi, kwa kuchagua nini kitajwe, nini kitunzwe na nini kisahauliwe.

2. Jengo la ibada huwaje urithi?

Hebu tuanzie mbali ili tupate kipimo. Baina ya takribani mwaka 1000 na 1200, vijiji vingi vya Ulaya Magharibi vilijenga makanisa ya mawe kwa mtindo ambao leo huitwa wa Kiromaneski. Sifa zake ni rahisi kutambua: matao ya nusu duara, kuta nene, madirisha machache na membamba, na mnara wa kengele. Sifa hizo hazikuwa mapambo tu. Tao la nusu duara hubeba uzito ulio juu yake na kuusukuma pembeni. Kwa hiyo ukuta unaolishika hauna budi kuwa mnene, na ukuta mnene haupendi kutobolewatobolewa. Giza la makanisa hayo, ambalo wengine hulitafsiri kuwa ni unyenyekevu wa kiroho, kwa kiasi kikubwa ni matokeo ya hesabu za mwashi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba waliojenga makanisa hayo hawakujua kwamba wanajenga "Kiromaneski". Jina hilo lilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 19, pale mtaalamu Mfaransa Charles de Gerville alipolitumia katika barua ya mwaka 1818. Kwa karne nyingi kabla ya hapo majengo hayo yalikuwa makanisa ya kijiji tu: yalipakwa chokaa upya, yaliongezewa vyumba, yalifunikwa kwa mapambo ya mitindo mingine, na mengine yalibomolewa. Hadhi ya urithi ilikuja baadaye, ikaletwa na watu waliopata jina la kuyaitia.

Mfano ulio bora ni wa bonde la Boí, katika milima ya Pirenei nchini Hispania. Msomaji wa Voi atatabasamu kwa jinsi majina haya mawili yanavyokaribiana kimatamshi, ingawa hayana uhusiano wowote. Kanisa la Sant Climent, katika kijiji cha Taüll, liliwekwa wakfu mwezi wa Desemba 1123. Ndani yake mlikuwa na michoro iliyochorwa ukutani kwenye lipu. Karne zilizofuata ziliificha sehemu ya michoro hiyo nyuma ya ubao mkubwa wa madhabahu, na wanakijiji wakaendelea na ibada zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa sanaa walianza kununua michoro ya makanisa ya milima hiyo. Ile ya kanisa la Mur iliishia Boston, Marekani. Ili kuyaepusha mengine na hatima hiyo, wakuu wa makumbusho ya Barcelona waliibandua michoro ya Boí kati ya 1919 na 1923 na kuihamishia mjini. Michoro ikaokoka, lakini kijiji kikabaki na kuta tupu. Makanisa ya bonde hilo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu 2013 michoro ya Taüll huonyeshwa ukutani mwake kwa mwanga, kama kivuli cha kitu kilichokwisha ondoka.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo lililopo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi hayo ni ya kale. Kwa maneno mengine, wakati mafundi wa Taüll walipokuwa wakipanga mawe yao, mwambao wetu ulikuwa tayari na nyumba ya ibada ya mawe yenye tarehe iliyochongwa. Tofauti kati ya tarehe hizo mbili ni miaka 16 tu. Afrika Mashariki haikungoja kufundishwa kwamba jiwe linaweza kutunza kumbukumbu.

3. Kanisa linapanda mlimani

Taita ina milima mitatu mikuu inayochomoza katika nyika ya Tsavo: Dawida, ambao kilele chake cha Vuria kinapita mita 2,200, Sagalla, ulio kusini mwa Voi, na Kasigau, ulio mbali zaidi kusini-mashariki. Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau mwaka 1847, na mwaka uliofuata akapita Taita akielekea Uchaga. Ni katika safari hiyo, tarehe 11 Mei 1848, alipouona mlima Kilimanjaro. Hata hivyo, hakujenga kitu Taita.

Aliyejenga ni J. A. Wray, wa chama cha wamisionari Waanglikana cha CMS, aliyefika Sagalla mwaka 1883. Mwaka 1884 ilizuka njaa kuu ambayo Wataita huikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Wapo waliomshuku mgeni huyo kwamba ndiye aliyeifunga mvua, na kituo chake kikatetereka. Baadaye alirudi, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1913. Baada ya Sagalla, CMS ilifungua vituo vingine Dawida, vikiwemo Mbale na Wusi. Huko Taveta kituo cha chama hicho kilianza kuchapisha jarida lililoitwa Taveta Chronicle mwaka 1895. Kwa upande wa Wakatoliki, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bura mwaka 1892, ambayo ni miongoni mwa misheni kongwe za Kikatoliki katika bara la Kenya.

Tarehe hizi zina maana kubwa. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896. Kwa hiyo kanisa lilitangulia gari la moshi kupita Taita. Tunaposema kwamba mji wa Voi ni mtoto wa reli, tukumbuke kwamba juu ya mlima unaoutazama mji huo tayari palikuwa na watu waliokuwa wakijifunza kusoma.

Mwanahistoria Bill Bravman (1998), katika uchunguzi wake kuhusu jamii za Taita, anaonyesha kwamba mapokezi ya Ukristo hayakuwa ya siku moja wala ya watu wote. Waliotangulia kuvutwa walikuwa hasa vijana, na kuvutwa kwao kulizua ugomvi na wazee kuhusu matambiko, ndoa na utii. Basi ukuta wa kanisa la kijijini usitazamwe kama alama ya makubaliano. Ni alama ya mjadala mrefu ndani ya kila ukoo. Kijana aliyesimama mkutanoni na kumjibisha bibi yake hakuanza jambo jipya. Huenda babu wa babu yake alisimama vivyo hivyo mbele ya wazee wa wakati wake, ila kwa nia ya kutaka kanisa lijengwe.

4. Kanisa lililojengwa kwa maneno

Wanafunzi wa Kiswahili tunalo jambo la kusema hapa ambalo mwashi hawezi kulisema. Kanisa halijengwi kwa mawe peke yake, hujengwa pia kwa msamiati, na mawe ya msamiati huo yamechimbwa katika machimbo mbalimbali. Neno "kanisa" lenyewe ni la asili ya Kiarabu, kama yalivyo "msalaba" na "madhabahu". "Padri" limetoka katika Kireno, kama lilivyotoka "meza", ambalo kwa Waanglikana limepata cheo kipya katika tamko "meza ya Bwana". "Mchungaji" ni neno la Kibantu lililochukuliwa malishoni na kupewa kundi la aina nyingine. Kabla hajafika madhabahuni, muumini wa Taita huwa amekwisha kupita Uarabuni, Ureno na katika zizi la ng'ombe.

Juu ya tabaka hilo pana lugha za wenyeji. Wray alichapisha utangulizi wa sarufi ya lugha ya Taita, kwa lahaja ya Sagalla, mwaka 1894. Ilimbidi yeye na waliomfuata kuamua Mungu aitweje. Jina "Mlungu", lililokuwa kinywani mwa Wataita kabla ya misheni, liliingizwa katika sala za Kikristo. Uamuzi huo ulilifanya kanisa la mlimani liwe na milango miwili: mmoja wa Kiswahili, lugha ya pwani na ya vitabu, na mwingine wa Kidawida au Kisagalla, lugha ya nyumbani. Hata leo, katika ibada moja, mahubiri yanaweza kuanza kwa Kiswahili, yakateleza kuingia Kidawida pale mhubiri anapotaka kuchekesha au kuonya, na wimbo ukayarudisha katika Kiswahili.

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuita hali hii mwingilianomatini: matini moja kusemea ndani ya nyingine. Kanisa la kijijini ni matini ya namna hiyo. Majina yaliyochongwa katika makaburi ya uani, tarehe iliyo juu ya mlango, daftari la ubatizo ambalo majina ya Kidawida yanatanguliwa na ya Kibiblia, mahali wanapoketi wanawake na wanapoketi wanaume, yote ni maandishi ya kusomwa. Jengo likibomolewa, baadhi ya maandishi hayo yanaweza kuhamishwa, lakini mpangilio uliyoyapa maana hauhamishiki.

5. Yaliyokuwepo kabla ya kanisa

Ingekuwa hiana kuutetea ukuta wa kanisa bila kutaja yale ambayo kanisa lenyewe liliyasukuma kando. Kabla ya misheni, Wataita walikuwa na fighi, yaani misitu mitakatifu iliyohifadhiwa kwa ajili ya ulinzi wa nchi na kwa matambiko. Walikuwa na tendo la kutasa, ambapo mtu hupuliza kinywaji kutoka kinywani huku akitamka maneno ya kuondoa hasira na kuomba heri. Grace Harris (1978) alilichambua tendo hilo kwa kina kama kiini cha dini ya Wataita. Isitoshe, walikuwa na desturi ya kuyafukua mafuvu ya wazee baada ya muda wa kuzikwa na kuyapanga katika mapango ya ukoo, ili wazee hao waendelee kushauriwa.

Wakristo wa kwanza walifundishwa kuziacha desturi hizi. Makaburi yakahamia kando ya kanisa, na mapango yakapungukiwa na wageni wapya. Yalipobaki bila watunzaji, yakawa wazi kwa wakusanyaji. Mafuvu zaidi ya 80 ya Wataita yalichukuliwa wakati wa ukoloni na kuishia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Elisabeth Kitson aliyachunguza katika makala ya mwaka 1931, na baadaye vipimo vya mafuvu hayo viliingia katika takwimu za mwanaanthropolojia W. W. Howells, zilizochapishwa mwaka 1973. Tangu hapo wanafunzi wa elimu ya mifupa duniani kote hukutana na neno "Teita" kama jina la safu ya tarakimu.

Hapa mfano wa Boí unaturudia kwa uchungu zaidi. Michoro ya Taüll ilipobanduliwa, ilipelekwa katika mji mkubwa wa nchi ile ile, ikawekwa ukutani, na mwana wa kijiji akaweza kupanda gari akaitazame. Wazee wa Taita walivushwa bahari, na walioko mlimani hawana hata kivuli cha mwanga cha kuwaonyesha wajukuu. Mtu akiuliza kwa nini tujishughulishe na kanisa dogo lenye ufa, mojawapo ya majibu ni hili: sisi tumekwisha ona mahali pa kumbukumbu panavyoonekana pakiachwa bila mtunzaji. Hatuhitaji kuona mara ya pili.

Hata hivyo, haki inadai tukiri pia upande wa pili wa hoja. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi kwa kuwashuku kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko, na waliosalia hawakurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Wakati huo wote hawakuwa na jiwe lolote la kwao la kuegemea, na bado walirudi wakiwa Wakasigau. Yule kijana, basi, hakukosea kabisa. Watu wanaweza kubeba kumbukumbu bila mawe. Lakini wanaibeba kwa gharama kubwa, na si vyema kujitwisha gharama hiyo kwa hiari wakati mawe yangalipo.

6. Kuuziba ufa

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kawaida tunautumia msemo huu kwa maana ya sitiari. Kwa mara moja hebu tuuchukue kwa maana yake ya msingi. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa mawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa au kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo hupumua: hunywa unyevu wa ukungu wa asubuhi na kuutoa jua linapowaka. Fundi wa siku hizi, kwa nia njema, huuziba ufa kwa saruji na kuupiga ukuta mzima lipu ya saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa au udongo huo na haipitishi maji kwa urahisi. Maji yaliyoingia kupitia paa bovu hukosa pa kutokea, jiwe huoza kwa ndani, na baada ya misimu michache ufa hujitokeza kando ya kiraka. Wenye kanisa huhitimisha kwamba jengo limezeeka, kumbe limeuguzwa na dawa. Hatua ya kwanza, basi, si kubomoa. Ni kutengeneza paa, kuyaelekeza maji ya mvua mbali na msingi, na kuuziba ufa kwa chokaa inayolingana na ile ya mwanzo.

Hatua ya pili ni ya kisheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inatoa njia ya kuyatangaza majengo na maeneo kuwa ya kulindwa. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ikiwemo ya Rabai, iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 kwa sababu wenyeji na wataalamu waliiandika, wakaipima na kuisemea. Fighi za Taita hazimo katika orodha hiyo, na makanisa ya vijijini yanajulikana tu kwa wanaoyasalia. Kitu kisichoandikwa ni vigumu kukitetea.

Hatua ya tatu ndiyo yetu. Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanzishwa mwaka 1873 penye soko la watumwa, ndiye pia aliyeandika mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya kufundishia Kiswahili. Kwake yeye mawe na maneno yalikuwa kazi moja. Vyama vyetu vya wanafunzi vinaweza kuurudisha uhusiano huo kwa kazi tatu zisizohitaji fedha nyingi: kurekodi simulizi za wazee walioshiriki ujenzi, kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, kunakili maandishi ya makaburi, milango na kengele kabla hayajafutika, na kukusanya istilahi za uashi na za ibada ambazo kamusi zetu hazijazisajili. Bibi aliyebeba mawe kichwani anayajua majina ya njia walizopita, nyimbo walizoimba na nani aliyewapikia. Hakuna mchoro wa mhandisi utakaotupa hayo, na muda wa kuyapata unakwisha.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jengo la ibada la kijijini haliwi urithi kwa sababu ya umri wake tu, bali kwa sababu wapo watu wanaoamua kulisoma. Makanisa ya Boí yalisubiri karne nyingi kabla ya kusomwa, na hata yaliposomwa michoro yao haikubaki ukutani. Makanisa ya Taita yana umri mdogo, na baadhi ya waliokuwepo yalipojengwa wangali hai. Hiyo ni bahati, si upungufu. Aidha, tumeonyesha kwamba kulitunza kanisa hakumaanishi kuyasahau mapango na fighi yaliyolitangulia; heshima kwa moja inatudai heshima kwa mengine, pamoja na kuuliza wazi lini wazee walioko Cambridge watarudishwa nyumbani.

Kwa upande wa kijiji chetu, pendekezo linalozungumzwa sasa ni kujenga ukumbi mpya katika uwanja wa chini na kuliacha kanisa la zamani kwa ubatizo, ndoa na sala za asubuhi. Huenda likakubaliwa, huenda lisikubaliwe. Masika yajayo ufa utaongezeka tena. Kalamu zetu zinaweza kuufikia kabla ya nyundo.